Vali ya moyo inaposhika chokaa: hatari, kiharusi na maneno tunayoyatumia

MSOMAJI mmoja wa safu hii kutoka Voi ameniandikia barua ndefu. Mamake, mwenye umri wa miaka 73, alipelekwa hospitalini kufanyiwa kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kile ambacho wengi wetu hukiita eko. Ripoti iliporudi ilikuwa na maneno matatu ya Kiingereza ambayo daktari, kwa haraka zake, aliyafasiri hivi: "Mama ana chokaa kwenye moyo." Kisha akaongeza kwamba jambo hilo lina hatari ya kiharusi, akamwita mgonjwa mwingine.

Tangu siku hiyo mama ameacha kunywa maziwa. Mboga za majani pia ameziacha kwa kuwa jirani alimwambia zina madini. Usiku halali, anangoja kiharusi kije. "Profesa," ananiuliza msomaji, "hiyo chokaa imeingiaje moyoni? Na hatari hiyo ni ya leo, ya kesho au ya lini?"

Naomba ieleweke mapema kwamba udaktari wangu ni wa vitabu, si wa sindano. Lakini nimeisoma barua hii mara tatu, na kila nikiisoma naona kwamba nusu ya masaibu ya mama huyu yametokana na maneno, si na moyo. Nimepekua maandishi ya wataalamu na kuwasumbua wenzangu wa kitivo cha tiba kwa maswali. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hiyo vali. Moyo una vyumba vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, na una milango minne inayoruhusu damu ipite kwa upande mmoja tu bila kurudi ilikotoka. Milango hiyo ndiyo vali. Mlango wa upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, huitwa vali ya mitrali, na jina hilo lina kisa chake: Andreas Vesalius, bingwa wa karne ya 16 aliyepasua maiti ili kuusoma mwili, aliona vali hiyo inafanana na kofia ya askofu yenye ncha mbili. Mlango mwingine, ambao damu hutokea kutoka moyoni kwenda mwili mzima, huitwa vali ya aota. Hii miwili ndiyo inayotuhusu leo.

Aliyewahi kusimama mbele ya nyumba ya kale kule Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa anajua kwamba mlango si ubao tu. Kuna mbao mbili zinazofunguka, kuna miimo ya pembeni, kuna kizingiti cha chini. Vali ya moyo nayo ni hivyo hivyo. Ina vipande laini vinavyofunguka na kufungwa, na ina pete ngumu kidogo inayovishikilia vipande hivyo, mithili ya miimo. Moyo hupiga takribani mara 100,000 kwa siku. Mtu akifika miaka 70, milango yake imefunguka na kufungwa zaidi ya mara bilioni mbili. Sijui fundi seremala gani angetoa dhamana ya namna hiyo.

Sasa hiyo chokaa. Daktari hakukosea kulitumia neno hilo, maana chokaa na madini yaliyomo katika mifupa yetu yana asili moja, yaani kalisiamu. Tatizo ni kwamba neno chokaa, kwa masikio ya mtu wa Pwani au wa Taita, ni kitu kinachotoka nje. Huchomwa kutokana na matumbawe, hupakwa ukutani, huliwa na tambuu. Kwa hiyo mama akiambiwa ana chokaa moyoni, la kwanza atakalojiuliza ni: nimeila wapi? Jibu la karibu ni maziwa. Mantiki yake haina kasoro. Ni taarifa aliyopewa iliyopungua.

Chokaa ya vali hailetwi na glasi ya maziwa. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni uchakavu tu wa uzee. Johann Georg Mönckeberg, daktari Mjerumani, aliieleza vali ya aota iliyogumaa kwa namna hiyo mwaka 1904, na maelezo ya uchakavu yakatawala karibu karne nzima. Baadaye ikadhihirika kwamba vali haikai tu ikichakaa kama soli ya kiatu. Ngozi laini inayoifunika vali hupata majeraha madogo madogo, mafuta ya damu hupenya, mwili hujibu kwa uvimbe, na seli za vali zenyewe hubadilika tabia zikaanza kufanya kazi ya seli za mifupa. Hujenga. Vali nyingine zilizotolewa kwa upasuaji zimekutwa na mfupa halisi ndani yake. Kwa ufupi, mwili unajenga mfupa mahali usipotakiwa.

Wanaoandamwa zaidi na hali hii ni wazee, wenye shinikizo la juu la damu, wenye kisukari, wavutaji wa sigara, wenye mafuta mengi kwenye damu, na hasa wale ambao figo zao zimedhoofika, kwa sababu figo ndizo zinazosawazisha madini mwilini. Kuna pia chembe ya mafuta inayorithiwa, iitwayo lipoproteini (a), ambayo mwaka 2013 watafiti waliihusisha na chokaa ya vali ya aota kupitia jeni inayoitengeneza. Chembe hiyo huwa na viwango vya juu zaidi miongoni mwa watu wenye asili ya Kiafrika. Mtu anaweza kula vizuri na kutembea kila siku na bado akawa nayo nyingi, kwa kuwa ameipata kwa wazazi.

Je, tuliite jambo hili nini kwa Kiswahili? Mwanafunzi wangu mmoja alipendekeza "uchokaaji". Darasa lilicheka, maana vali iliyopata uchokaaji ilisikika kama vali iliyochoka, jambo ambalo, tukisema kweli, si mbali na ukweli! Wengine watatuletea "ukalisishaji". Mimi napendelea njia ambayo lugha yetu imekwisha kuipita. Tunasema chuma kimeshika kutu. Basi tuseme vali imeshika chokaa. Kitenzi "shika" kinabeba maana muhimu: hakuna mtu aliyekuja na kopo la kutu akalimimina juu ya chuma. Kutu imetokana na chuma chenyewe, hewa na unyevu, polepole. Lau mama wa Voi angeambiwa "vali yako imeshika chokaa kidogo pembeni kwa sababu ya umri na presha", naamini angeendelea kunywa chai yake ya maziwa.

Tukija kwenye kiharusi, ni lazima tutofautishe chokaa iliyo kwenye mbao na ile iliyo kwenye miimo. Chokaa ikishika vipande vya vali ya aota, mlango hugoma kufunguka, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Mgonjwa huishiwa na pumzi, hubanwa na kifua, pengine huzimia akipanda ngazi. Ni ugonjwa mzito wenye matatizo yake. Lakini inayohusishwa kwa uzito zaidi na kiharusi ni chokaa ya ile pete ya vali ya mitrali, yaani miimo. Na haya ndiyo maneno matatu yaliyokuwa kwenye ripoti ya mama: chokaa ya pete ya mitrali.

Ushahidi maarufu unatoka Framingham, mji wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1948 wakazi wamekuwa wakifuatiliwa na watafiti wa maradhi ya moyo, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1992 yalichapishwa matokeo kuhusu wazee 1,159 ambao hawakuwa wamewahi kupata kiharusi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 70. Walipimwa kwa mawimbi ya sauti, ikaonekana 160 kati yao wana chokaa kwenye pete ya mitrali. Wakafuatiliwa kwa miaka minane. Miongoni mwa wale 999 wasiokuwa na chokaa, 51 walipata kiharusi. Miongoni mwa wale 160, walikuwa 22. Hata baada ya watafiti kuondoa mchango wa umri, presha, kisukari, sigara na mambo mengine, uwezekano wa kiharusi kwa mwenye chokaa ulibaki kuwa takribani mara mbili. Kadiri chokaa ilivyokuwa nene, ndivyo uwezekano ulivyopanda. Mwaka 2005 utafiti mwingine, huu ukiwa wa jamii za Wenyeji wa Marekani, ulikuta jambo lilo hilo: chokaa ya pete ya mitrali ilibashiri kiharusi, ugumu wa vipande vya vali ya aota haukubashiri.

Hapa ndipo neno "hatari" linapotuponza. Kiingereza kina neno moja la jambo linalotisha sasa hivi na jingine la uwezekano unaoweza kupimwa kwa hesabu. Sisi tumeyatupa yote kwenye kapu la "hatari". Waya wa umeme uliokatika una bango la HATARI. Nyoka ni hatari. Mama akiambiwa ana hatari ya kiharusi, anamwona nyoka mlangoni. Hebu tuzirudie zile takwimu kwa macho mengine. Kati ya wazee 100 wasio na chokaa, takribani watano walipata kiharusi katika miaka minane. Kati ya 100 wenye chokaa, takribani 14. Ni tofauti kubwa, hakuna anayeipuuza. Lakini pia ina maana kwamba 86 kati ya hao 100 hawakupata kiharusi katika miaka yote hiyo. "Mara mbili" bila kuambiwa mara mbili ya ngapi ni hesabu nusu, na vyombo vya habari, hili gazeti letu likiwemo, tunaipenda sana hesabu nusu. Mimi ningependa madaktari wetu waseme "uwezekano", waiache "hatari" kwa nyoka na nyaya.

Kuna suala jingine ambalo wataalamu wenyewe bado wanalijadili. Je, chokaa hiyo ndiyo inayosababisha kiharusi au inakwenda sambamba nacho tu? Njia ya moja kwa moja ipo: pete iliyokwaruza huweza kushika mabonge madogo ya damu, au kipande cha chokaa chenyewe kikabanduka, kikasafiri na mkondo hadi ubongoni na kuziba mshipa. Kuna njia ya kuzunguka: penye chokaa ya mitrali mara nyingi chumba cha juu cha kushoto hutanuka, mapigo yakapoteza mpango, moyo ukawa unapapatika badala ya kupiga. Damu hutuama kwenye kona za chumba hicho jinsi maji yanavyotuama kwenye mfereji ulioziba, nayo damu iliyotuama huganda. Mpapatiko huo peke yake huongeza uwezekano wa kiharusi takribani mara tano, kwa mujibu wa watafiti wale wale wa Framingham. Na kuna uwezekano wa tatu, kwamba chokaa ya moyoni ni shahidi tu. Mwenye chokaa kwenye vali huenda anayo pia kwenye mishipa ya shingo na ya ubongo, na huko ndiko balaa linakotokea. Binafsi naona yote matatu yana nafasi, ingawa namheshimu sana shahidi. Moshi haumchomi mtu lakini humwonyesha moto uliko.

Ndiyo maana, kwa mama wa Voi, la maana kuliko yote si kung'oa chokaa. Hakuna dawa iliyothibitika kuiyeyusha. Dawa za kupunguza mafuta ya damu zilijaribiwa kwa wenye vali ya aota iliyogumaa, na matokeo makubwa yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha hazikuzuia ugonjwa wa vali kuendelea. Vali ya aota ikigoma kabisa hubadilishwa, kwa kupasua kifua au kwa kupitisha vali mpya ndani ya mshipa, ufundi ambao Alain Cribier alikuwa wa kwanza kuufanya kwa mgonjwa, mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Lakini chokaa kidogo ya pete ya mitrali haihitaji kisu. Inahitaji presha ipimwe na ishushwe, sukari idhibitiwe, sigara iachwe, na mapigo ya moyo yachunguzwe kama yanapapatika. Msomaji wangu, hilo la mwisho ndilo la kumuuliza daktari mkirudi: "Je, moyo wa mama unapapatika?" Jibu likiwa ndiyo, kuna dawa za kuzuia damu isigande, na hizo hupunguza kiharusi kwa kiasi kikubwa.

Nalo neno kiharusi? Wakenya wengi hawalitumii. Husema "amepooza" au "amepata stroki". Mimi nina ugomvi wa muda mrefu na "kupooza", kwa sababu kupooza ni matokeo, na tena tumekwisha kulitumia neno hilo kwa polio. Mhudumu wa afya akipita kijijini na kipaza sauti akitangaza chanjo ya ugonjwa wa kupooza, ajuza mwenye presha anaweza kudhani amepatiwa kinga yake. Aidha, anayesubiri mtu apooze kabisa ndipo aite gari, amechelewa.

Kuna jina jingine linalochelewesha zaidi. Ni "upepo". Utawasikia watu wazima wakisema, "Mwanangu, huyu hana kiharusi, amepigwa na upepo." Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Tanzania, uliwauliza watu kiharusi ni nini. Huko Hai, mashambani, wengi walitaja presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Dar es Salaam, mjini kwenye hospitali kubwa, wengi zaidi walitaja mapepo na uchawi. Nilipousoma nilishangaa, maana nilitarajia kinyume. Jina ndilo linaloamua gari lielekee wapi. Kiharusi huelekea hospitali, upepo huelekea kwa mganga, na kila dakika ya safari hiyo ubongo unapoteza seli karibu milioni mbili.

Dawa ya kuyeyusha bonge la damu lililoziba mshipa wa ubongo inafaa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya kupigwa skeni, kwa sababu kuna kiharusi cha aina ya pili ambapo mshipa haukuziba bali umepasuka. Neno letu moja linabeba vyote viwili, na tiba zake zinapingana. Ndiyo sababu si vyema kumpa mgonjwa aspirini nyumbani kwa kubahatisha, wala kumlazimisha kunywa uji. Dalili za kukumbuka ni nne, na wala hatuhitaji kuunda kifupisho kama Waingereza: uso, mkono, ulimi, saa. Uso umependa upande mmoja. Mkono mmoja ukiinuliwa unashuka wenyewe. Ulimi umekuwa mzito, maneno hayashikani. Saa, itazame, kwa kuwa daktari atakuuliza dalili zilianza saa ngapi.

Nisingependa msomaji adhani haya ni mambo ya wazee peke yao. Kwetu Afrika Mashariki vali nyingi huharibika utotoni. Mtoto huumwa na koo kwa sababu ya bakteria wa streptokoki, asitibiwe, kisha viungo vikauma, na kinga ya mwili ikageuka kuishambulia vali ya mitrali. Madaktari huita homa ya baridi yabisi. Miaka 20 baadaye, mara nyingi mwanamke akiwa mjamzito, inagunduliwa kwamba mlango umekuwa mwembamba, umekakamaa na umeshika chokaa kabla ya wakati wake. Kiharusi cha kijana wa miaka 30 mara nyingine kinaanzia hapo. Penisilini, dawa ya siku nyingi na isiyo ghali, huweza kuukata mnyororo huo. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto 818 ambao vali zao zilikuwa na dalili za mwanzo waligawanywa makundi mawili. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa penisilini kila mwezi, na kwa asilimia 8.2 ya ambao hawakudungwa.

Wale ambao vali zao tayari zimeharibika na mioyo yao inapapatika, wengi hupewa warfarini. Na hapa nina neno la mwisho kwa wafasiri wa vijikaratasi vya hospitali. Dawa hiyo mmeiita "dawa ya kufanya damu iwe nyepesi". Kwa Mswahili, damu nyepesi ni damu iliyopungua, ya mtu dhaifu, wa kulishwa maini na mchicha. Mgonjwa akisoma hivyo, atasita. Akishauriwa kuongeza mboga za majani kwa wingi ghafla ili damu irudi, ataipunguza nguvu warfarini bila kujua, kwa maana vitamini K iliyomo kwenye mboga hizo hushindana nayo. Mboga haikatazwi, kinachotakiwa ni kula kiasi kile kile wiki hadi wiki na kwenda kupimwa damu kila inapopangwa. Andikeni tu "dawa ya kuzuia damu isigande".

Na mama wa Voi arudishiwe maziwa yake.